Tarumbeta la Kibuyu: Ngoma ya Beni Kutoka Lamu Hadi Lilongwe

Huchukuliwa kibuyu kilichokauka vizuri, chenye shingo ndefu. Hukatwa ncha zote mbili, mbegu zikamwagwa na ndani kukakwanguliwa mpaka kibaki kitupu. Fundi akitaka sauti nene zaidi huunganisha vipande viwili vitatu kwa nta, chombo kikarefuka kama mkono wa mtu mzima. Kisha hutoboa tundu ubavuni, na juu ya tundu hilo hubandika ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Mchezaji hakipulizi kama filimbi. Huweka mdomo akaimba ndani yake, utando ukatetema, na sauti ya mtu ikatokea upande wa pili ikiwa kali, yenye mkwaruzo, kama shaba. Wakiimba ishirini kwa pamoja, aliye nyuma ya kilima ataapa kwamba bendi ya jeshi inapita.

Na ndivyo walivyotaka waliobuni chombo hicho. Kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Malawi ngoma ya vibuyu hivi huitwa malipenga, neno ambalo huko lina maana ya mabaragumu. Kusini, kwa Wayao, jina lake ni beni. Katikati ya Malawi, Dowa, Nkhotakota na vijiji vinavyouzunguka mji wa Lilongwe, Wachewa wana ndugu yake aitwaye mganda, na huko ngoma kubwa na sauti za wanaume ndizo zinazobeba uzito. Wachezaji hujipanga mistari kama askari kwenye gwaride: kaptula nyeupe, soksi ndefu, viatu vilivyong'arishwa, tai, kifimbo mkononi. Mbele yao hutembea kapteni na filimbi yake. Yupo kingi, yaani mfalme. Yupo pia daktari, ambaye hajasomea udaktari popote, naye kazi yake ni kupita mstari hadi mstari akikagua kola, kucha na kamba za viatu. Mchezaji akilowa jasho, nesi humfuta uso.

Mgeni akiona haya kwa mara ya kwanza husema: wanawaiga Wazungu. Neno hilo limesemwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na lilianza kusemwa mbali na Malawi, kwenye miji ya pwani ya Kenya.

Beni ni “band” ya Kiingereza iliyolainishwa kwa ulimi wa Mswahili. Ilizuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, Waingereza walipokuwa wanaikalia pwani. Vyombo na sare havikuwa vigeni kabisa kwa watu wa huko. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya kasri. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwenye kijiji cha Freretown kilichoanzishwa na wamishenari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, vijana walifundishwa muziki wa kanisa na wa bendi. Manowari nazo zilitia nanga, mabaharia wakashuka na muziki wao. Vijana wa pwani walitazama, wakasikiliza, wakachagua waliyoyataka.

Lakini waliyachukua ili kuyafanyia nini? Hapa ndipo lile neno “kuiga” linapokwama. Lamu, kabla ya Mzungu yeyote kupiga ngoma, mji ulikuwa na pande mbili, Mkomani na Langoni, na pande hizo zilishindana kwa mashairi, kwa karamu na kwa ngoma. Mombasa, Thenashara Taifa ziligawanyika Tisa Taifa na Thalatha Taifa, nazo zilikuwa na mashindano ya namna hiyo hiyo. Ushindi ulikuwa kumpita mwenzio kwa kila kitu: malenga wako awe na ulimi mkali kuliko wake, ng'ombe uliowachinja wazidi wake, nguo zako zing'ae kuliko zake. Hilo lilikuwepo tangu kale. Bendi ilipofika, ikawa silaha mpya katika vita vya zamani. Upande mmoja ukajiita Kingi, wa mfalme, mwingine ukajiita Scotchi, wa Waskoti, na watu wa mji mmoja wakapita barabarani wakiwa na vyeo vya kijeshi huku malenga wao wakifumba mafumbo ambayo ofisa wa kikoloni asingeyang'amua hata kidogo.

Wanawake hawakubaki madirishani. Mombasa walikuwa na lelemama, ngoma ya vyama vya wanawake vyenye viongozi, michango na mavazi ya sare, na baadhi ya vyama hivyo vilichukua majina yale yale ya Kingi na Scotchi. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, alionyesha jinsi vyama hivyo vilivyompa mwanamke cheo ambacho hakukirithi kwa baba wala kwa mume. Haya yanafaa kukumbukwa kila mtu anaposema beni ni mchezo wa wanaume waliopenda bunduki.

Kutoka Mombasa beni ilishuka Tanga, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani ya Tanganyika, wakati huo chini ya Wajerumani, kisha ikapanda njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji. Huko majina yalibadilika: chama kimoja Marini, yaani askari wa majini, na kingine Arinoti. Marini waliwavuta makarani, watu wa kujitazama kwenye kioo. Arinoti walikuwa wengi zaidi, wapagazi, vibarua na watu wa bara waliohamia mjini. Kila chama kilikuwa na matawi mji kwa mji, na hapo ngoma ilifanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Mtu akifika mji asioujua, akiwa mwanachama, hupokewa, hupewa pa kulala, na akiugua huuguzwa. Akifa huzikwa na watu wanaolijua jina lake. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho kilichoikusanya historia yote ya beni, aliliona jambo hili vizuri kuliko maofisa walioishi nalo.

Kisha ikaja vita.

Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana Afrika Mashariki, na kwa miaka minne vita hivyo viliwasomba watu wa nchi zote zinazopakana. Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, ilitoa askari wa King's African Rifles na ikatoa wapagazi wengi kuliko askari mara kadhaa. Wapagazi hao waliitwa tengatenga, kutokana na kutenga, yaani kubeba au kuchukua. Vita vyenyewe viliitwa nkhondo ya chiwaya, vita vya bombomu, kwa sababu ya bunduki ile ambayo wengi hawakuwahi kuisikia ikilia. Mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti kupinga Waafrika kufa katika ugomvi usiowahusu, na mnamo Januari 1915 aliongoza uasi ambao ulimgharimu maisha yake. Wengine hawakuwa na la kufanya ila kubeba. Walivuka Ruvuma, wakatembea Tanganyika, wakafa zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi.

Jioni kambini, waliosalia walicheza beni. Askari wa Kiingereza na askari wa Kijerumani, wote Waafrika, wote wakizungumza Kiswahili cha jeshini, waligundua kwamba wana ngoma moja. Vita vilipokwisha mwishoni mwa 1918 na watu wakaruhusiwa kurudi makwao, walirudi nayo. Kwa Mchewa wa Dowa, Mtonga wa Nkhata Bay au Myao wa Mangochi, hii ilikuwa mali aliyotoka nayo vitani, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Serikali za kikoloni zilijaribu kuielewa zikaingiwa na hofu. Waafrika waliovaa sare, wenye majenerali wao, makatibu wao, barua zinazokwenda mji hadi mji! Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ripoti za upelelezi ziliandikwa Tanganyika, Nyasaland na Kongo, na Wabelgiji walifika mbali wakanusa Ubolsheviki. Mwaka 1935, wachimba migodi wa ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma na polisi wakawaua wafanyakazi sita huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilitumia muda kuuliza habari za chama cha ngoma kiitwacho mbeni. Watu walilalamikia kodi iliyopandishwa. Wakubwa walitafuta sababu kwenye ngoma.

Wasiwasi wa namna hii si wa Afrika peke yake. Kusini mwa China, mwaka 1854, mwigizaji wa opera ya Kikantoni aitwaye Li Wenmao aliwaongoza waigizaji wenzake kuasi dola ya Qing, nao waliingia vitani wamevaa mavazi yao ya jukwaani, mavazi ya majenerali wa hadithi za kale. Serikali iliuchoma ukumbi wa chama chao mjini Foshan na kuipiga opera hiyo marufuku kwa miaka mingi. Kule mchezo ulikuja kuwa vita vya kweli. Huku Nyasaland watu walikuwa wametoka kwenye vita vya kweli wakavigeuza mchezo, na bado walishukiwa. Mtawala anayemwona mtawaliwa wake amevaa cheo, hata cha kuigiza, hulala jicho moja wazi.

Lililotokea nyanda za kati za Malawi baada ya askari kurudi ndilo lenye utamu wake. Mganda wa Wachewa haukuwa nakala ya beni ya Mombasa, kama vile beni ya Mombasa haikuwa nakala ya gwaride la Waskoti. Uliingia kijijini, ukakuta tayari kuna ngoma yenye enzi, gule wamkulu, ngoma ya vinyago ya chama cha nyau, yenye siri na miiko, inayochezwa kwenye mazishi na unyago. Wamishenari wa Kanisa la Dutch Reformed la Afrika Kusini waliofika Mvera, Dowa, mwaka 1889, na kufungua Nkhoma mwaka 1896, waliipiga vita nyau kwa miaka mingi, na Wakatoliki nao hawakubaki nyuma. Wanafunzi wa shule za misheni walikatazwa kuisogelea. Mganda haukuwa na kinyago wala siri. Ulichezwa mchana, uwanjani, na vijana waliovaa nadhifu toka shingoni hadi vidoleni. Si kwamba wachungaji waliupenda, lakini kijana aliyetaka kucheza bila kufukuzwa shule alipata pa kupenyea. Wazee wa nyau waliona ni mchezo wa watoto tu, wakauacha. Mganda ukakua katikati ya wawili hao waliokuwa wakivutana.

Kikosi cha wachezaji hujulikana kama boma. Neno hili lina safari yake. Kwa Mswahili boma ni ua au ngome. Wakoloni walilichukua likawa ofisi ya mkuu wa wilaya, na katika Kichewa cha leo boma ni serikali yenyewe. Wachezaji nao wakalichukua kutoka kwa wakoloni. Kila kijiji kikawa na boma lake, yaani serikali yake ndogo, yenye mfalme, maofisa na sheria. Boma moja hualika jingine. Wageni wakifika hupokewa kwa heshima, hulishwa, hulazwa, na kesho yake hushindana uwanjani mbele ya vijiji vyote viwili. Mwaka unaofuata zamu hugeuka, na aliyekula kwa mwenzake humlisha. Baada ya mavuno, ghala likiwa na mahindi na watu wakiwa na nafasi, ndipo misafara hiyo huanza. Mzee wa Lamu aliyeshuhudia Mkomani na Langoni wakichinjiana ng'ombe angeyatambua haya mara moja.

Nyimbo zenyewe husema mambo ya karibu: nani kaenda Johannesburg akasahau mkewe, chifu gani kala fedha za watu, ugonjwa gani umeingia. Wakati Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipopita Nyasaland na mashine yake ya kurekodi katika miaka ya 1950, vijiji vilikuwa na wanaume waliorudi Burma, walikopelekwa na jeshi la Kiingereza katika Vita vya Pili, na wengine waliotoka kwenye migodi ya kusini. Kila msafiri alirudi na hatua mpya au kofia mpya. Upande wa Tanzania, kwenye fukwe za ziwa hilo hilo karibu na Mbamba Bay, mganda huchezwa na wanaume na kioda huchezwa na wanawake. Upande wa Malawi wanawake huiita chioda. Mpaka wa nchi haukuikata ngoma. Na ukanda wa shaba ulipata ndugu yake pia, kalela, ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950: wachimba migodi waliovaa suti nadhifu wakiyatania makabila ya wenzao kwa nyimbo. Uwanjani walicheza kwa kabila, lakini mgomo ulipokuja waligoma pamoja.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ngoma hii imekuwa ngumu kuliko methali. Uhuru ulipokuja mwaka 1964, kiongozi wa Malawi, Hastings Kamuzu Banda, aliiweka ngoma ya asili mbele ya kila sherehe ya taifa. Wanawake walimchezea viwanjani wamevaa vitambaa vyenye picha ya uso wake, na maboma ya mganda na malipenga yaliitwa kupamba siku za kitaifa. Ngoma iliyozoea kumsema chifu mla fedha ilijikuta inamwimbia sifa mkubwa mmoja, na huenda huo ndio wakati ilipofinywa zaidi katika historia yake yote, kuliko hata ile miaka ya wapelelezi. Mwaka 1975 makao makuu ya nchi yalihamishwa kutoka Zomba hadi Lilongwe. Mji uliokuwa boma dogo ulianza kuvuta watu kutoka vijiji vya kati, na baadaye ukajaa mitaa kama Kauma, Mtandire na Chinsapo, ya watu waliokuja na jembe, godoro na nyimbo za kwao.

Miaka hiyo hiyo, Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa mji mkuu mpya, kulikuwa na gereza la watu waliomkosea Banda kisiasa. Jina lake Dzaleka. Kuleka kwa Kichewa ni kuacha, na jina hilo hufasiriwa kama kauli ya mfungwa aliyevunjika: nitaacha, sitarudia tena. Kura ya maoni ya mwaka 1993 iliuangusha mfumo wa chama kimoja. Mwaka 1994 Banda alishindwa kwenye uchaguzi, na mwaka huo huo mahali palipokuwa gereza pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Walikuja Warundi na Wanyarwanda, kisha Wakongo kwa maelfu kuanzia nusu ya pili ya muongo huo. Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 leo ina zaidi ya 50,000.

Kwa hiyo Kiswahili kilirudi Dowa. Kilikuwa kimepita ukanda huu na misafara ya pembe na watumwa, wakati mfanyabiashara aliyejulikana kama Jumbe na watu wake wa pwani walipojenga Nkhotakota katika karne ya 19. Kilipita tena na askari wa vita vya 1914. Safari hii kimekuja na mama wa Uvira mwenye mtoto mgongoni, na kimekaa. Sokoni Dzaleka nyanya huuzwa kwa Kiswahili cha Kivu, na Mchewa anayeleta mkaa kutoka kijiji cha jirani naye amejifunza kuhesabu kwacha kwa lugha hiyo. Akilitaja boma, akimaanisha serikali, mkimbizi analisikia neno analolijua likiwa limevaa nguo nyingine.

Wakimbizi hawakuja mikono mitupu. Warundi walileta ingoma, ngoma ya kifalme iliyolindwa zamani na koo maalumu kwenye vilima kama Gishora, inayochongwa kwenye mti mmoja mzima na kubebwa kichwani. UNESCO iliiandikisha kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye serikali ya Burundi ilitoa amri ya kuwazuia wanawake kuipiga. Wakongo walileta rumba na kwaya, na mashairi.

Mmoja wa Wakongo hao, mshairi Menes La Plume, alianzisha mwaka 2014 tamasha ndani ya kambi na kuliita Tumaini, kwa Kiswahili, katika nchi inayozungumza Kichewa. Jukwaa hujengwa pale ambapo zamani palikuwa gereza, na wasanii wa Malawi hupanda pamoja na wasanii wakimbizi. Watazamaji hutoka Lilongwe kwa mabasi madogo, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga kambini. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wamefungua maduka mijini warudi huko. Mkimbizi kwenda mjini ni taabu. Wa mjini kwenda kwake inawezekana, na kwa siku chache za tamasha ndivyo inavyokuwa.

Tamasha lina desturi moja ambayo boma lolote la mganda lingeielewa bila kufafanuliwa. Mgeni akitaka kulala, hapelekwi hotelini. Hupelekwa nyumbani kwa familia ya wakimbizi. Huoneshwa mkeka au kitanda ambacho watoto wamekihama kwa usiku huo, hula kilichopikwa, na asubuhi hunawa kwa maji yaliyochotwa na mwenye nyumba alfajiri kabla foleni ya bomba haijawa ndefu. Halafu wote wawili hutoka pamoja kwenda uwanjani, kwa sababu ngoma zimeshaanza kulia.